Miche ya parachichi ya kutumiwa kwa basi: nilipe au nisubiri?

*"Shikamoo mtaalamu. Ninaishi Dar es Salaam, ila nina ekari mbili za marehemu baba kule Lushoto ambazo mjomba wangu ananiangalizia. Nataka kupanda parachichi za Hass vuli hii. Mtandaoni nimempata muuzaji wa Njombe, ana picha nzuri za kitalu, na nyingine zinaonyesha miche ikiwa na matunda tayari humo humo kwenye viriba. Anauza sh 2,500 kwa mche wakati wengine wanataka mara mbili yake. Sharti lake nilipe yote kwa simu ndipo atume kwa basi. Nahitaji miche 150, na anasema ni lazima niongeze 'madume' 15 ya aina ya Fuerte la sivyo Hass hazitazaa. Ili nauli iwe nafuu atapunguza udongo kwenye mizizi na kufunga yote kwenye maboksi matatu. Nimeona video za Uingereza watu wanaletewa miti ya matunda kwa posta mizizi ikiwa mitupu na inashika vizuri, kwa hiyo hapo sioni tatizo. Wasiwasi wangu ni mmoja tu: nitajuaje kama miche imebebeshwa kweli na si ya mbegu?"*

Marahaba. Swali lako la kubebesha, yaani kuunganisha kipande cha tawi la mti unaoutaka juu ya mche wa mbegu, nitalijibu, tena kwa kirefu. Lakini kuna jambo umelipitia juu juu, nalo ndilo lingenizuia mimi kutuma hata shilingi: hayo maboksi matatu. Tuanze nalo.

Miti uliyoiona kwenye video za Uingereza ni matufaa, peasi, plamu na wenzao. Baridi ikiingia, miti hiyo hupukutisha majani yote na kulala. Mti uliolala hauna majani ya kupoteza maji, na chakula chake umeshakiweka akiba kwenye shina na mizizi. Wauza miche wa huko huing'oa na kuituma katika miezi hiyo tu, kuanzia Novemba hivi hadi Machi, mizizi ikiwa imefungwa kwenye kitu chenye unyevunyevu. Mnunuzi akiipanda, inaamka joto likirudi. Kwenu Lushoto wapo wakulima wa plamu, pichi na matufaa. Wao wakitumiwa miche iliyolala, mbinu hiyo inaweza kuwafaa.

Parachichi halilali. Lina majani mwaka mzima, na majani hayo yanavuta maji mchana kutwa. Mizizi inayoyanyonya ni ile midogo myeupe iliyoenea pembezoni mwa bonge la udongo, tena kwa parachichi mizizi hiyo ni dhaifu, haina vinyweleo vingi kama ya mimea mingine. Ukikung'uta udongo, mizizi hiyo inakatika na kubaki kwenye udongo. Mche utakufikia ukiwa na majani na mzizi mkuu, lakini hauna cha kunywea. Utaonekana mzima siku mbili tatu, kisha majani yatainama na kukauka yakiwa bado yameshikilia tawi, na muuzaji atakwambia hukumwagilia.

Piga hesabu mwenyewe. Kiriba cha inchi 6 kwa 9, udongo ukiwa na unyevu, kina karibu kilo mbili. Miche 165 ni zaidi ya kilo 300. Mzigo huo hauingii kwenye maboksi matatu mpaka udongo uwe umetolewa wote, si "kupunguzwa". Mtu mwenye kitalu anajua hivyo. Kama hajui, si mtu wa parachichi. Kama anajua na bado anakuahidi, basi ameshaamua kwamba mche ukifa ni hasara yako.

Sasa swali lako lenyewe. Mche uliobebeshwa una kovu, na kwenye parachichi mara nyingi utalikuta sentimita 15 hadi 30 kutoka usawa wa udongo. Mafundi wetu wengi hukata kichwa cha mche wa chini, wakalipasua shina katikati, wakachomeka kikonyo (kile kipande cha tawi la aina unayoitaka) kilichochongwa kama kabari na kufunga kwa nailoni. Kidonda kikipona utaona alama ya V pande mbili za shina, kauvimbe kidogo, na gome la juu kwa kawaida halifanani rangi na la chini. Pitisha kidole gumba taratibu kutoka chini kwenda juu. Mahali pa kovu utapasikia.

Udanganyifu wa kwanza ni kuzungushia nailoni mche wa mbegu ambao haujaguswa kisu. Huu ni rahisi: omba nailoni ifunguliwe. Wa pili ni mjanja zaidi. Mche wa mbegu unakatwa kichwa, unaachwa uchipue, kisha ile kona ya chipukizi inaonyeshwa kuwa ndilo kovu. Tofauti yake ni hii: chipukizi la kawaida hutoka ubavuni mwa shina, kwenye jicho la jani, na kando yake kunabaki kisiki kidogo kikavu pale palipokatwa. Kovu la kubebesha kwa mtindo wa kabari linapita katikati ya shina, na sehemu ya juu inakaa juu ya ile ya chini kwa mstari mmoja. Picha ya karibu, iliyopigwa kwa mwanga wa mchana na nailoni ikiwa imefunguliwa, inatosha kukuonyesha hayo. Muuzaji anayetuma picha za kitalu kizima kutoka mbali kila unapoomba picha ya shina moja, amekujibu tayari.

Ila usiishie hapo, maana kovu linathibitisha kwamba kisu kilipita. Halisemi kikonyo kilitoka mti gani.

Hass zote duniani ni nakala za mti mmoja. Rudolph Hass alikuwa tarishi wa posta huko California. Alipanda mbegu ya parachichi miaka ya 1920, akajaribu kubebesha Fuerte juu ya mche wake, ikagoma, akauacha ujiotee. Mwaka 1935 aliupatia hati miliki. Ukichukua mbegu ya tunda la Hass ukaipanda, unapata mtoto mwenye sura yake mwenyewe: anaweza kuwa na ganda laini, kokwa kubwa, akachelewa kuzaa hata miaka saba au zaidi, na mnunuzi wa soko la nje hatamtaka. Kwa hiyo swali la maana kwa muuzaji ni "kikonyo kimetoka wapi?" Kitalu kinachojiheshimu kina miti mama yake, imezaa, matunda yake yanajulikana, na unaweza kupelekwa ukaiona. Kitalu kinachonunua vikonyo kwa vijana wanaokata matawi kwenye mashamba ya watu hakiwezi kukujibu, hata kama mwenye kitalu ni mtu mwema.

Kwa majani tu, kutofautisha mche mdogo wa Hass na wa aina nyingine hata sisi tunakosea. Kidokezo kimoja kinachosaidia kidogo: fikicha jani la Fuerte ulinuse, utapata harufu inayokaribia shamari, wakati la Hass kwa kawaida halina. Lakini ziko parachichi za mbegu zenye harufu hiyo na zisizo nayo pia, kwa hiyo pua inaweza kukutia shaka, haiwezi kukuthibitishia.

Zile picha za miche yenye matunda kwenye viriba nazo zisikulevye. Kikonyo kilichokatwa kwenye mti mkubwa unaozaa kinabaki na utu uzima wake hata kikibebeshwa kwenye mche wa miezi minne. Ndiyo maana mche mdogo unaweza kutoa maua kitaluni, na mara moja moja kushika tunda. Hiyo inaonyesha kikonyo kilitoka mti mzima, basi. Mche unaolishwa tunda kabla haujawa na mizizi ya kutosha unadumaa, na mkulima anayejali hutoa maua hayo mwaka wa kwanza, hata wa pili. Ukitunza vizuri, tegemea mavuno ya kuanzia kwenye mwaka wa tatu. Anayekuahidi mapema zaidi ya hapo anauza haraka zako mwenyewe.

Kuhusu "madume": papai ndilo lenye mti dume na jike. Parachichi kila ua lina sehemu zote mbili, ila hazifunguki pamoja. Hass iko kundi A: ua hufunguka asubuhi likiwa jike, likafunga, kisha likafunguka tena mchana wa siku ya pili likiwa dume. Fuerte ni kundi B, jike mchana, dume asubuhi ya siku inayofuata. Kwa hiyo wakati Hass inahitaji chavua, Fuerte inayo, na nyuki wakiwepo wanahamisha. Miche michache ya Fuerte inaweza kukuongezea mavuno, na 15 kwa 150 si idadi ya kushangaza. Lakini Hass peke yake huzaa pia, kwa sababu hali ya hewa, hasa siku za baridi, huvuruga saa za maua, yakawepo ya jike na ya dume kwa wakati mmoja. Kama bajeti ni finyu, weka chache au uliza majirani wana parachichi gani. Mizinga miwili ya nyuki inaweza kukufaa kuliko hiyo Fuerte.

Nimefika kwenye jambo ambalo hukuliuliza kabisa na ambalo linaua mashamba mengi kuliko miche feki. Mche feki utakupotezea miaka michache, utaukata, utabebesha upya. Udongo mbaya ndani ya kiriba unaweza kukuharibia shamba la baba yako.

Upo ugonjwa wa kuoza mizizi unaoletwa na kimelea kiitwacho Phytophthora cinnamomi. Kinaishi kwenye udongo wenye maji mengi, mbegu zake zinaogelea majini, na kinashambulia ile mizizi midogo ya kunyonya. Kinasafiri kwa udongo, kwa maji ya mfereji, kwa jembe na kwa viatu. Kikishaingia shambani hakitoki. Ziko dawa za kupunguza makali, hakuna ya kukimaliza. Mti mama wa Hass wenyewe, ule wa California, uliishia kwa kuoza mizizi na kukatwa mwaka 2002. Na mche ulioambukizwa unaweza kuwa na majani ya kupendeza siku unapoununua, kwa sababu kitaluni unamwagiliwa kila siku na kukaa kivulini. Unaanza kufa ukishapata jua na kazi.

Kwa hiyo kitalu kinahukumiwa kwa kuangalia chini. Viriba vimekaa juu ya nini? Vikiwa juu ya kokoto, meza au turubai lisilotuamisha maji, vizuri. Vikiwa vimekaa kwenye tope na mizizi imetoboa viriba kuingia ardhini, ondoka. Udongo wa kujazia wanauchota wapi? Wakiuchota chini ya miparachichi ya zamani, ondoka. Maji ni ya kisima au bomba, au ya mfereji unaopita kwenye mashamba ya watu kabla ya kuwafikia? Ningependa pia kuona pa kukanyagia dawa mlangoni, ingawa sitamkataa mtu kwa kukosa hilo tu.

Halafu nunua mche mmoja wa kuua. Lipa bei yake, chukua wembe, pasua kiriba kutoka juu hadi chini mbele ya mwenye kitalu. Mizizi mizuri ni myeupe au rangi ya krimu nchani, na mingi. Ikiwa nyeusi, inakatika kwa kuguswa na ngozi yake inachomoka kama soksi, huo ndio ugonjwa, au dalili yake. Angalia na mzizi mkuu: ukiwa umejizungusha chini ya kiriba kama kamba, mche umezeeka humo, na hautanyooka hata ukiupanda kwenye shimo la mita moja. Watu wengi huchagua mche mrefu na mnene kuliko wote wakidhani wamepata faida. Mimi huchagua ule ambao shina lake ni unene wa penseli, kovu limefunga vizuri, majani ya mwisho yamekomaa, na mizizi ndiyo kwanza imefika ukingoni mwa kiriba.

Mwenye kitalu mzuri hatakasirika ukipasua. Ataangalia na yeye.

Wewe uko Dar es Salaam, Njombe ni mbali, najua. Basi mtume mtu. Mlipe bwana shamba wa huko au ndugu unayemwamini aende, apige video wakati anapasua, aombe kuona miti mama, na aombe karatasi za usajili. Tanzania suala la ubora wa mbegu na miche liko chini ya TOSCI (taasisi ya kuthibitisha ubora wa mbegu), na la magonjwa na wadudu wa mimea liko chini ya TPHPA (mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu). Ofisi zao unaweza kuwapigia ukawauliza kama kitalu hicho wanakitambua. Kwa msomaji wa Kenya, anzia KEPHIS (shirika la ukaguzi wa afya ya mimea) na ofisi ya HCD (idara ya mazao ya bustani) iliyo karibu nawe. Karatasi peke yake haizuii mche kuwa mbovu, lakini aliyeandikishwa ana jina la kupoteza. Risiti nayo iandikwe aina ya parachichi, tarehe ya kubebesha na asili ya vikonyo. "Miche 150" tupu kwenye risiti haikusaidii chochote miaka mitatu ijayo.

Na bei? Sh 2,500 haimaanishi wizi moja kwa moja. Kitalu kikubwa mwishoni mwa msimu kinaweza kushusha. Lakini kuna mambo yasiyopatikana kwa bei hiyo. Akikuambia mche wa chini ni ule unaovumilia kuoza mizizi, kama Dusa ya Afrika Kusini, jua kwamba hiyo huzalishwa kwa kunakiliwa nayo pia, kwa gharama kubwa, si kwa kuotesha mbegu. Mwombe uthibitisho.

Ningekuwa wewe, ningeacha kabisa kulipa yote mbele. Njia ya kwanza ninayoipendelea ni kutafuta kitalu kilicho karibu na Lushoto, hata kama mche ni ghali zaidi, kwa sababu mjomba anaweza kwenda mwenyewe, na mche ulioota kwenye baridi inayofanana na ya kwenu hautashtuka sana. Uliza pia TARI (taasisi ya utafiti wa kilimo Tanzania) Tengeru kule Arusha, kituo kinachoshughulika na mboga na matunda. Wakikosa miche watakuelekeza. Njia ya pili ni kuagiza Njombe lakini miche 10 kwanza, uione. Ya tatu ni polepole ila ina raha yake: mjomba aoteshe mbegu za parachichi za kienyeji kwenye viriba, kwa udongo safi, na zikifika unene wa penseli mumlete fundi na vikonyo vya Hass kutoka miti mnayoijua. Utachelewa karibu mwaka mmoja na baadhi hazitashika. Kwa mtu ambaye hana deni la benki linalomkimbiza, mwaka mmoja kwenye mti wa miaka mingi si kitu.

Ukiamua Njombe hata hivyo, usisafirishe kwa buti ya basi. Gari litatoka kwenye baridi ya Njombe, lishuke Kitonga, lipite joto la Ruaha Mbuyuni na Mikumi, likate Chalinze na Segera hadi Mombo ndipo lianze kupanda milima, na buti iliyo karibu na injini ni tanuri. Changa na majirani mkodi Canter. Miche imwagiliwe siku moja kabla, isimame wima iliyobanana, ifunikwe kwa neti na si turubai la plastiki, na gari lisafiri usiku sehemu za joto. Kabla ya hapo, iwe imezoeshwa jua angalau wiki mbili. Mche uliotoka moja kwa moja kwenye kivuli kizito utaungua majani hata kama safari ilikuwa ya heshima.

Ikifika, mjomba asiipande siku hiyo. Aiweke kivulini, mbali na miparachichi ya zamani, kwa siku 10 hadi 14, na kila mche utakaoanza kunyauka autenge. Siku ya kupanda, nailoni ya kovuni ikatwe, kwa sababu shina likinenepa itamnyonga. Kovu libaki juu ya udongo, na chipukizi lolote linalotoka chini ya kovu liondolewe mara moja, maana hilo ni la mche wa kienyeji na lina nguvu. Mashamba mengi yenye "Hass iliyobadilika" hayakudanganywa na mtu, ni chipukizi la chini lililoachwa likamshinda mwenzake.

Kabla ya yote hayo, kabla hata ya kuchagua kitalu, mjomba achimbe shimo la nusu mita shambani, alijaze maji jioni na kuangalia asubuhi. Maji yakiwa bado yamesimama, mwite afisa ugani wa kata aje aone hapo hapo, na sampuli ya udongo ipelekwe TARI Mlingano, Muheza, ambako wanapima udongo na si mbali na kwenu. Na ikitokea miche imeshapandwa, majani yananyauka wakati udongo umeloa, asiongeze maji. Achimbue mizizi midogo pamoja na udongo wake, aifunge kwenye mfuko safi bila kuiosha, aipeleke kwa afisa kilimo wa wilaya siku hiyo hiyo, na jembe lililochimbia asiende nalo kwenye mche mwingine kabla hajaliosha.